Barua ambayo baba hakuichoma

SWALI

Shikamoo mama. Kwetu ni Urambo, mkoani Tabora. Baba ni mkulima wa tumbaku tangu ujana wake, sasa ana miaka 71. Dada yangu ndiye kifungua mimba, mimi ndiye ninayemfuata. Dada alimaliza darasa la saba mwaka 2006, na sote tulijua kwamba alifeli, maana baba mwenyewe ndiye aliyekuja na habari hiyo kutoka shuleni. Mimi nilimaliza 2008, nikafaulu, nikasomeshwa mpaka chuo kikuu, leo ni injinia wa maji. Baba hunitaja kila anaposimama kwenye mkutano wa chama. Nilipokaa miaka miwili bila ajira baada ya kuhitimu, aliwaambia watu nimepangiwa kazi mkoa wa mbali.

Mwezi uliopita alinituma nimtolee hati ya shamba kwenye sanduku lake la bati. Chini ya kadi yake ya chama nikakuta bahasha. Ndani yake ilikuwa barua ya dada kuchaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza, Januari 2007. Jina lake, namba yake, jina la shule. Nilikaa chini sakafuni.

Sasa nayaona mengi upya. Baba humpa dada vitu kuliko sisi wote, mbuzi, mabati, hata baiskeli ya shemeji, lakini hawajawahi kukaa wakazungumza nusu saa. Dada akitoa wazo, baba husema, "Huyu kichwa chake hakikuwa cha vitabu," nasi tunacheka. Huyohuyo dada ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama thelathini na hajapoteza hata shilingi. Ana tabia moja tuliyozoea kumtania: mwanawe alipomaliza darasa la saba, baba alimpigia simu kumwambia kijana kafaulu, lakini dada akapanda bodaboda hadi shuleni kuyasoma majina ubaoni kwa macho yake.

Nimwambie dada? Nimkabili baba? Mama yupo, lakini naogopa hata kumtazama. Nikinyamaza naona nakula jasho la dada yangu. Nikisema naona namuua baba.

Mdogo mtu, Urambo

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nilikwama palepale: mahali ile bahasha ilipokuwa imelala. Unasema ilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya kadi ya chama, jirani na hati ya shamba. Sanduku la mzee wa kijijini halina takataka. Kinachowekwa humo ni kile ambacho nyumba ikishika moto atakimbia nacho.

Na tuuzungumze huo moto, maana kwenu ni nyumba ya tumbaku. Jani likishachumwa na kuning'inizwa ndani ya bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, moto unakokwa usiku na mchana kwa karibu wiki nzima. Mwanzo unakuwa mdogo mpaka jani ligeuke manjano, kisha joto linapandishwa polepole hadi ule mshipa wa katikati ukauke kabisa. Bani likishatolewa, linajazwa tena. Baba yako amekesha mbele ya moto huo msimu baada ya msimu tangu mwaka 2007, ninyi mmelala, yeye na magogo yake tu. Karatasi moja ingekwisha kabla hajakohoa. Hakuichoma.

Mtu ambaye haja yake ni kuficha tu, angeiteketeza usiku wa kwanza. Kwa hiyo ninaamini, na ushauri wangu wote umesimama hapa, kwamba baba yako anaitunza ile barua kwa ajili ya mwenyewe, dada yako. Amekosa namna ya kuitoa, na kila mwaka uliopita umemwongezea ugumu, kwa sababu sasa angelazimika kueleza pia kwa nini hakuitoa mwaka jana.

Wakati ule ulikuwa mtoto, hivyo acha nikukumbushe hali ilivyokuwa. Ada ya sekondari ya serikali ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ya bweni 70,000. Ilikuja kufutwa kuanzia Januari 2016, dada yako akiwa ameshakuwa mama. Leo ukisikia 20,000 unaona ni kitu kidogo, lakini ada haikuja peke yake. Ilikuja na sare, viatu, madaftari na michango ya ujenzi, maana miaka ile shule za kata zilikuwa zinainuka kila upande kwa nguvu za wananchi. Shule ikiwa mbali, ongeza godoro, ndoo, na chumba cha kupanga.

Halafu tazama kalenda. Kidato cha kwanza kinaanza Januari. Januari mkulima wa tumbaku hana kitu mfukoni: pesa ya msimu uliopita imeshaliwa, ya msimu huu bado ni majani shambani. Mbolea na dawa amekopa kupitia chama cha msingi cha ushirika, na siku ya malipo deni linakatwa kwanza, yeye anapewa kinachobaki. Wanachama wamedhaminiana, kwa hiyo akishindwa yeye, jirani zake wanakatwa. Bei yenyewe haijui mpaka robota, lile furushi la tumbaku, lifunguliwe sokoni na mteuzi aseme ni daraja gani. Na ni wakati huohuo majani ya chini yanapoanza kuiva na mikono inapotakiwa. Msichana wa miaka 13 anayejua kuchuma na kufunga majani kwenye fito alikuwa nguvu kubwa ya nyumba ile.

Nayasema haya ili umpe baba yako haki yake. Kushindwa kumpeleka binti shule mwaka ule kungeweza kuwa umaskini mtupu, na kwa umaskini sitamhukumu mtu. Lakini hakumwambia, "Mwanangu umefaulu, ila sina uwezo." Alimwambia, "Umefeli." Kosa liko hapo, na fahari iliingilia hapo. Kusema "sina uwezo" kungemlazimu asimame mbele ya mtoto wake mwenyewe kama mwanamume aliyeshindwa. Akaona heri awe baba kamili mwenye binti mjinga kuliko baba maskini mwenye binti mwerevu. Nadhani hakulipanga. Nadhani alitoka shuleni na bahasha mfukoni, akasukuma baiskeli hadi nyumbani akipiga hesabu za deni, na alipofika uani mtoto akamkimbilia kumuuliza, neno likamtoka. Likishatoka, likawa sheria ya nyumba.

Ili uelewe lilivyoitawala nyumba yenu, nikupe kisa cha kitaalamu kimoja. Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Leon Festinger na James Carlsmith, waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuchosha kupita kiasi, kama kugeuzageuza vigingi kwenye ubao bila sababu yoyote. Kisha wakawaomba wakamwambie mtu mwingine aliyekuwa akisubiri zamu yake kwamba kazi ile inafurahisha. Wengine walilipwa dola 1 kwa uongo huo, wengine dola 20. Baadaye kila mmoja aliulizwa yeye mwenyewe aliionaje kazi. Waliolipwa dola 20 hawakuiona ya kufurahisha. Waliolipwa dola 1 ndio waliosema haikuwa mbaya hata kidogo. Yule wa dola 20 alikuwa na sababu ya kudanganya, ameishika mkononi. Wa dola 1 hakuwa nayo, basi moyo wake ukamtafutia sababu nyingine: pengine sikudanganya, pengine ndivyo ilivyo.

Baba yako alilipwa dola 1. Alipata mikono ya msichana kwa misimu michache, kisha msichana akaolewa. Malipo hayo hayatoshi kuubeba uongo wa namna ile, kwa hiyo ikabidi uongo wenyewe uwe kweli. Ikabidi binti awe kweli hana kichwa. Ndiyo maana dada yako akitoa wazo zuri lazima ashushwe papo hapo mbele ya watu. Kila anapoonyesha akili, ile barua inatikisika sandukuni. Mweka hazina wa akina mama thelathini ambaye vitabu vyake havina doa ni shahidi anayetembea, na baba yako hana pa kumkwepa isipokuwa kwa ule usemi wake.

Upande wa pili wa mzani uko wewe. Ulidhani miaka ile miwili ya kukosa ajira baba alikuonea aibu. Sivyo ninavyoisoma mimi. Wewe ndiye sababu iliyobaki. Ukifanikiwa, anaweza kujiambia kwamba nyumba ilikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja na alimchagua aliyefaa. Ukishindwa, dada yako alitolewa bure. Mzigo uliokuwa unaubeba tangu kidato cha kwanza, ule wa kuogopa kurudi nyumbani na alama mbovu, haukuwa wako peke yako. Ulikuwa unamsomea baba kesi yake bila kujua. Hebu uutue mwanangu, hata kabla hujaamua lingine lolote.

Na zile zawadi, mbuzi na mabati na baiskeli, ni malipo ya deni ambalo mdai hajaambiwa kwamba anadai. Ndiyo maana haziishi na hazimfurahishi yeyote. Anatoa, anakimbia. Kukaa naye nusu saa ni hatari, kwa sababu katika nusu saa mtu mwerevu huonekana kuwa mwerevu.

Wadogo zenu sitawasemea sana. Wamejifunza kucheka, na wamejifunza kwamba neno la baba haliulizwi.

Kuna jambo watu wengi hawalijui kuhusu siri. Mwaka 2017 mtafiti Michael Slepian na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walionyesha kwamba mara nyingi mtu huirudia siri akilini akiwa peke yake kuliko anavyolazimika kuificha mbele za wengine, na kwamba huko kuirudia ndiko kunakoenda pamoja na afya mbaya na moyo mzito. Hakuna mtu aliyemuuliza baba yako habari za ile barua kwa karibu miaka ishirini. Hakuwa na wa kumficha. Lakini kila akifungua sanduku kutoa kadi ya chama, iko hapo. Kila Januari wanafunzi wa kidato cha kwanza wakipita barabarani na sare mpya, iko hapo. Hii ni adhabu, na amekuwa akijipa mwenyewe. Hailipi deni la dada yako, lakini ujue kwamba unapoogopa kumuua, unamwogopea mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi.

Sasa dada yako. Uliandika ile habari ya bodaboda kama kichekesho cha nyumbani. Mimi niliposoma hapo niliweka kalamu chini. Mama anayeambiwa kwa simu kuwa mwanawe amefaulu, tena kwa habari njema, halafu anasafiri kwenda kusoma ubao kwa macho yake, ni mtu asiyeamini neno la mzee kuhusu matokeo. Kwa nini asiliamini?

Nitakwambia linalonihusu. Kabla ya kusomea ushauri nasaha nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mkoani humu. Mwaka mmoja, miaka ya tisini mwishoni, nilimkabidhi mzee mmoja barua ya binti yake kuchaguliwa. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Mwaka mpya ulipoanza nikamkuta yule binti kisimani. Nikamuuliza mbona hajaenda shule. Akasema, "Mwalimu, si nilifeli?" Nikamwambia, "Pole." Hilo tu. Nilijiambia si kazi yangu kumvunjia mzee heshima kwa mwanawe. Ilinichukua miaka kumi na moja kumtafuta. Nilipompata, nikiwa nimejiandaa kumfunulia siri, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Nilikuona ukimpa baba bahasha. Nilikuwa nafagia darasa la tano, dirisha lilikuwa wazi. Nilikuuliza pale kisimani ili uniambie." Baba yake, alisema, yeye alikwisha kumsamehe moyoni, kwa sababu alijua njaa ya nyumba yao. Ni mimi ambaye alishindwa kunielewa. Sikuwa na deni la mtu wala jani la kuchuma.

Kwa hiyo nikikwambia usinyamaze, sikusomei kitabu. Huenda dada yako hajui. Huenda ana shaka tu. Huenda anajua kila kitu na anakutazama wewe, msomi, akisubiri kuona utalipata lini. Katika hali zote tatu, kunyamaza kwako sasa ni kitu kingine kabisa na kunyamaza kwa mwezi uliopita.

Barua ni ya dada yako. Imeandikwa jina lake. Si mali ya baba, si yako, na huna mamlaka ya kuamua kama ataweza kuistahimili. Hilo la kwanza, na halijadiliwi. Lakini nataka baba apewe nafasi ya kuitoa kwa mkono wake, kwa muda maalumu, kwa sababu dada yako akiipokea kutoka kwako atapata ukweli, na akiipokea kutoka kwa baba atapata ukweli pamoja na baba. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba inafaa kuisubiri kidogo. Kidogo, si mpaka mazishi.

Nenda nyumbani mwenyewe, bila mke, bila wadogo zako. Usilianzishe sebuleni, wala mezani, wala mbele ya mama. Mwombe mkatembee shambani, au mkae pale bani, ambako hamtazamani usoni. Wanaume wa umri wake husema mambo makubwa wakiwa wanatazama kitu kingine. Usianze na "kwa nini". Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Baba, uliponituma sandukuni niliiona barua ya dada. Sijamwambia mtu. Najua uliitunza kwa ajili yake. Ningependa umpe wewe." Kisha nyamaza. Ukimya utakaofuata utakuwa mrefu na utatamani kuujaza. Usiujaze.

Atakasirika, jiandae. Atasema umepekua mali zake. Mwombe radhi kwa hilo, kweli kabisa, maana alikutuma hati ukasoma na barua. Atasema, "Wewe ungekula nini? Ungesoma kwa pesa gani?" Hapo usibishane, kwa sababu ana nusu ya ukweli. Mjibu kwamba unajua mwaka ule ulikuwa mgumu, na kwamba hakuna anayemlaumu kwa kukosa pesa. Acha ajue umelitenganisha la pesa na la uongo. Itakuwa mara ya kwanza mtu kumtenganishia. Huenda akaondoka bila kujibu. Huenda akakununia mwezi. Baba mwenye fahari akiguswa kwenye kidonda hununa kwanza, kisha hufikiri.

Mpe muda unaotajika kwa kazi mnazozijua wote. Kama masoko yanaendelea, mwambie ungependa liwe limekwisha kabla ya kusia mbegu vitaluni. Na usimtake atoe hotuba ya kuomba msamaha. Baba wengi wa kwetu hawana maneno hayo, hawakuyasikia kwa baba zao. Akipanda baiskeli akaenda kwa dada yako, akaiweka ile bahasha mkononi mwake na kusema "hii ni yako, nilikukosea", hayo ni mengi. Akitaka mtu wa kwenda naye, dada yake aliye hai, shangazi yenu, anafaa kuliko wewe. Kwa shangazi yeye ni mdogo au kaka tu, hana cheo cha kulinda.

Kama atakataa kata kata, kuna jambo moja la kumwambia, kwa upole, mara moja tu. Sanduku lile litafunguliwa siku moja yeye hayupo. Litafunguliwa mbele ya ukoo, siku ya kugawa mirathi, mtu asome karatasi moja moja kwa sauti. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Fahari yake haitamsaidia siku hiyo, na dada yako atasikia habari za maisha yake mbele ya mashemeji. Wazee wengi ambao hawakusikia hoja nyingine waliisikia hii.

Hapa niseme jambo zito. Mzee wa miaka 71 aliyefunuliwa aibu kubwa anaweza kuzama. Akiacha kula, akikosa usingizi siku nyingi, akianza kugawa vitu vyake au kusema "bora nife niwapumzishe", usichukulie kuwa ni deko. Viuatilifu vya tumbaku vifungiwe mahali ambapo ufunguo anao mwingine, asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, pale Tabora mjini, mkaeleze wazi kuwa mnahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Hofu yako kwamba utamuua isikufanye unyamaze, ila ikufanye uwe karibu naye baada ya kusema.

Muda ukipita bila yeye kufanya lolote, mwambie baba kwanza kwamba unakwenda, kisha nenda kwa dada yako. Nenda nyumbani kwake, shemeji akiwa hayupo. Mweleze ulichokiona, lini, na wapi. Usimwombe amsamehe baba. Hiyo ni kazi yake, ataifanya au hataifanya, kwa wakati wake. Usitoe pochi. Na tafadhali mwanangu, usiende kulia kwake ili akubembeleze. Najua unajiona mwizi. Ulikuwa na miaka kumi na kitu, hukuchukua kitu cha mtu. Lakini ukimwaga majonzi yako mbele yake, dada mkubwa atafanya alichokifanya maisha yote: atayaweka yake pembeni ashughulikie ya mdogo wake. Tafuta mtu mwingine wa kulia kwake. Mke wako, rafiki, padri au shehe, au niandikie.

Akiuliza mwenyewe kama bado kuna njia ya shule, ipo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1975, inasaidia watu wa umri wake. Atafanya Mtihani wa Maarifa, ule watu wanaouita QT, na akifaulu atajisajili kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mama wa miaka thelathini na kitu mwenye kikoba na watoto anaweza kabisa. Lakini asikie hayo akiuliza. Ukimfikia na fomu siku ileile unayomwambia, atasikia kwamba maisha aliyoyajenga hayatoshi, na hapo utakuwa umemrudia usemi wa baba yako kwa sauti ya upole.

Mama yako usimhoji. Huenda alijua, huenda alihisi akaogopa kuuliza, katika nyumba ambayo neno la baba lilikuwa mwisho. Akitaka kusema atasema, na mara nyingi akina mama husema siku wanapoona jambo halifichiki tena. Akija, msikilize kama mtu aliyekuwa na miaka thelathini wakati ule, mwenye watoto wadogo mgongoni, na usimsikilize kama hakimu. Mtazame tu mwanangu. Kuogopa kumtazama kwako atakuwa ameshakuona.

Sitaki umdharau baba yako kwa fahari yake. Ni fahari hiyohiyo iliyomfanya akeshe mbele ya bani, alipe madeni ya chama, akusomeshe mpaka mwisho bila kuuza shamba. Iliwalisha. Ila ilikuwa na chumba kimoja kisichofunguliwa, na dada yako ndiye aliyefungiwa humo.

Barua kwa sasa irudishe ilipokuwa, kama hujairudisha. Usiipige picha uitunze kwenye simu kama ushahidi. Wewe si polisi, na picha ikivuja kwenye kundi la familia umeharibu kila kitu.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji kusubiri masoko wala vitalu. Mtakapokutana tena wote nyumbani, dada yako atatoa wazo fulani, la shamba au la harusi, na baba atasema kichwa chake hakikuwa cha vitabu. Usicheke. Usimjibu baba, usigombe. Mgeukie dada yako umuulize, "Ulikuwa unasemaje, dada?" na umsikilize mpaka amalize.